Mikebe Miwili

Baba yangu, Feruzi wa makaa,
kusoma hakujua, kuhesabu alijua:
kila pakacha lililopanda melini, kokwa moja ya tende.
Mkebe wa chai kwa makaa ya Mwingereza,
mkebe wa biskuti kwa makaa ya Mfaransa.
Pale horini Mukala, ubavuni mwa Maskati,
maghala yalikuwa mawili na ukuta mmoja,
na vumbi liliruka ukuta
likatua lilikotaka.

Mshika mikebe nilikuwa mimi.
Nilikuwa na miaka minane, labda tisa;
mama alisema nimezaliwa mwaka wa kipindupindu,
na kipindupindu hakikuja mara moja.

Mabaharia wao walipanda majabali na ndoo za chokaa,
wakaandika majina ya manowari zao juu ya ghuba,
herufi kubwa kuliko milango yetu.
Akiandika huyu leo, kesho yule anaandika juu yake kidogo.
"Jabali likiisha," baba aliuliza, "wataandika wapi?"
Wapagazi wakacheka.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu.

Msiniambie niuchukie mlingoti wa Mwingereza.
Baba aliukumbatia alfajiri moja, katoroka mashamba ya Batina,
nyayo zimechanika, na mikono hakuiachia
mpaka alipopewa karatasi yenye muhuri.
Wala msiniambie niipende bendera ya Mfaransa,
iliyopepea Suri juu ya vyombo
ambavyo askari wa Kiingereza hakuthubutu kuchungulia tumboni.
Mama aliletwa ndani ya tumbo kama hilo.

Kisha karani Damodari akaja na habari: wamepatana.
Huyu kachukua Misri, yule kaachiwa Moroko,
kama watu wanaogawana samaki wa jirani
naye jirani yuko mlangoni, anatazama.
Ukuta haukubomolewa.
Mikebe ikabaki miwili.

Sasa mbaya wao ni Mdachi.
Sisi Mdachi tulimjua kwa magamba ya chaza tu:
mnunuzi mmoja wa Linga, mnene, ana mwavuli,
analipa papo hapo.
Kumbe anataka reli ifike Basra.
"Reli ni nini?" mama akauliza.
"Njia ya chuma."
"Na njia nayo hugombewa kama mume?"

Gazeti la Bombay lilichelewa wiki tatu.
Mwana wa mfalme kapigwa risasi
katika mji uliomshinda Damodari kutamka.
Austria kamkamata koo Mserbia,
Mrusi kasimama na Mserbia, Mdachi na Austria,
Mfaransa na Mrusi, Mwingereza naye hakubaki nyuma.
Baba akanyamaza, kisha akasema:
"Hizo ni shanga. Nani alizitunga uzi mmoja?"
Tuliambiwa tembo wakipigana huumia nyasi.
Maskati haina nyasi. Ni mawe matupu.
Nikadhani tumepona.

Walimtaka Almasi, mdogo wangu,
akabebe mizigo Fao, kisha Basra, kisha huko mbele.
Akapewa rupia na viatu,
viatu vyake vya kwanza;
alivivua akavishika mkononi mpaka ngazi ya meli
visije vikachubuka.
Siku ile hakukupakiwa makaa,
lakini baba alirudi nyumbani, akaufunua mkebe wa chai,
akatia kokwa moja.
Nilitaka kusema: hujabeba kitu.
Nikamwona uso.

Za Kut zilifika, na za baada ya Kut.
Za Almasi hakuna aliyezileta.
Wakapatana tena, meli zikarudi,
vijana wengine wakapanda jabali na ndoo
kukoleza majina yaliyofifia.

Baba hayupo sasa. Mikebe imekula kutu.
Nikila tende, kokwa siitupi ovyo:
naishika kwanza, imelowa,
nikitafuta mahali pa kuitia.